Shangazi, kila kitu ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36 na watoto wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Mimi na baba yao tuliachana huyu mdogo akiwa bado hajaanza kutembea. Si mtu mbaya. Hutuma hela anapopata, na Jumapili hupiga simu kuongea nao. Lakini homa ya usiku, vikao vya shule, sare iliyochanika, vyote hivyo vinakuja kwangu.

Nafanya kazi ofisini hadi jioni. Usiku, wakishalala, natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo watano kwa sababu mshahara hautoshi. Ni katibu wa kamati ya wazazi shuleni kwa binti yangu. Ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama. Mama yangu mzazi ana presha na kisukari, na kliniki nampeleka mimi, ingawa nina kaka wawili ambao hawakai mbali. Kazini mwenzangu akikwama, namalizia na yake. Hakuna hata kimoja nilicholazimishwa. Niliombwa, nikasema sawa. Nikiombwa kitu mdomo unakubali kabla akili haijafika. Ule ukatibu wa shule niliutaka mwenyewe, maana sikutaka siku mwanangu akikosea, walimu waseme, "Si ni mtoto wa yule singo maza?"

Nalala saa sita usiku, naamka saa kumi na moja. Nimenunua daftari la ratiba, nimeweka kengele kwenye simu, bado mambo yananiponyoka. Wiki iliyopita mdogo alipoteza kiatu kimoja asubuhi, nikamfokea mpaka akajikojolea. Jioni nikiwa nao natamani walale. Naona kama nawasukuma tu: oga, vaa, kula, lala. Nikipanda ngazi za ofisini moyo unadunda kama nimetoka kukimbia.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi nilifungua daftari la binti yangu la kazi za nyumbani, pale mzazi anapotakiwa kutia saini. Saini yangu ipo ukurasa baada ya ukurasa, ila si mimi niliyeitia. Ameiga vizuri, hata ule mkia wa herufi ya mwisho. Nilipomuuliza akajibu, "Nilikuona umechoka, Mama." Sikujua nimchape au nimkumbatie. Nikaenda kuosha vyombo.

Rafiki yangu ananishauri niwe naamka saa kumi alfajiri. Anasema saa hiyo dunia imetulia, mtu anafanya mengi. Shangazi, nifundishe kupanga muda.

Mama wa Wawili


Marahaba, mwanangu.

Kupanga muda sitakufundisha, kwa sababu unajua. Mtu anayetunza hesabu za watu watano na bado akashika fedha za kikundi si mtu wa kufundishwa ratiba. Una mambo mengi kuliko saa zilizopo, na daftari zuri haliongezi saa. Tena daftari lenyewe hutudanganya. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia hii ya binadamu: hukadiria kwamba kazi itaisha mapema kuliko inavyoisha kweli, hata kama kazi za aina hiyo zimemchelewesha mara zote zilizopita. Kwa hiyo usiku unapoandika mambo tisa ya kesho, unaandika matumaini. Jioni ukikuta umefanya manne unajiita mzembe, wakati uzembe haupo.

Na hilo la kuamka saa kumi, mshukuru rafiki yako na usilifuate. Kutoka saa sita hadi kumi na moja ni saa tano. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wewe tayari una deni, na yeye anakushauri ukope tena. Aliyekosa usingizi hukasirika upesi, husahau, hukosea hata kujumlisha. Mimi naamini asubuhi ile kama ungekuwa umelala vya kutosha, kiatu kingetafutwa kikaonekana, au mtoto angeenda na ndala na maisha yakaendelea.

Jambo la kwanza kabisa halihusiani na ratiba. Huo moyo unaodunda ukipanda ngazi, nenda hospitali wakakupime. Mwambie daktari unachoka vipi na unalala saa ngapi, na kama hedhi yako ni nzito mtajie. Upungufu wa damu huleta uchovu wa namna hiyo na mapigo ya namna hiyo, na tezi ya shingoni ikiwa na hitilafu nayo inaweza kuleta. Wanawake wengi hujilaumu mwaka mzima kwa uvivu, kumbe damu imepungua. Mama yako unampeleka kliniki kila anapotakiwa. Wewe mwenyewe mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?

Sasa turudi kwenye barua. Nimeisoma nikiwa na kalamu, nikapiga mstari chini ya kila "sawa" uliyowahi kusema. Watoto ni wako, hao hawaingii kwenye hesabu. Kazi ya mshahara ibaki. Vingine vyote vina mtu mwingine anayeweza kuvifanya, vibaya au vizuri, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Umesema mwenyewe kwa nini uliutaka ukatibu: ili wasiseme ni mtoto wa singo maza. Nadhani sababu hiyo haikuishia shuleni. Ndiyo iliyokupeleka kwenye hazina ya kikundi, ndiyo inayokufanya umalizie kazi ya mwenzako, ndiyo inayokuzuia kumwambia kaka yako "zamu hii ni yako". Unalipa faini ya kosa ambalo hakuna aliyekushtaki, na unalipa kwa saa ambazo watoto wako walikuwa wanazisubiri. Watakaosema watasema. Wanasema hata kuhusu nyumba zenye baba na mama na babu. Lakini mwalimu wa binti yako akitaka kujua kama mtoto ana mzazi anayemjali, hataangalia nani aliandika muhtasari wa kikao. Ataangalia daftari la kazi za nyumbani, na humo umeshaona kuna nini.

Basi ukatibu uachie wiki hii. Andika hivi, utume kama ilivyo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuanzia mwisho wa mwezi huu sitaweza kuendelea na ukatibu wa kamati. Kumbukumbu zote za vikao nitamkabidhi utakayemteua. Nashukuru kwa ushirikiano." Imetosha. Usiongeze sababu. Najua kwetu kumkatalia mtu bila maelezo huonekana jeuri, ndiyo maana nimeweka shukrani pale mwisho. Ukitoa sababu wataitatua hiyo sababu, na wewe utabaki palepale. Ukisema Jumanne huna nafasi, watahamishia kikao Alhamisi. Ukisema watoto hawana wa kukaa nao, watakwambia uje nao.

Hazina ya kikundi ni habari nyingine, na hapa nakuomba usikurupuke. Fedha za watu haziachwi kwa ujumbe wa simu, kwani mweka hazina anayeondoka kienyeji huandamwa na maneno hata kama hakugusa chochote. Kaa na kitabu, linganisha michango iliyoandikwa na fedha iliyopo, mkononi au kwenye akaunti. Orodhesha nani anadaiwa na kiasi gani. Kama kuna tofauti, hata ndogo, itaje mwenyewe kabla hawajaigundua. Omba kikao, soma hesabu mbele ya wote, kisha mkabidhi mrithi wako kwa maandishi, nakala mbili, zenye saini yako, yake na ya mwenyekiti. Kama akaunti ina jina lako, hakikisha limeondolewa siku hiyohiyo au kesho yake, wala usikubali "tutashughulikia". Hili litakula muda kidogo sasa hivi, lakini litakwisha na hutalirudia. Ubaki mwanachama wa kawaida, uchangie, ucheke na wenzako, urudi nyumbani.

Hizo kazi za usiku siwezi kukwambia uache, maana wewe ndiye unayejua mwisho wa mwezi unafikaje. Ila wewe ni mtu wa hesabu, ifanye na hii. Chukua kila mmoja wa hao watano, andika anakulipa kiasi gani na anakula saa ngapi zako, pamoja na zile za kumpigia simu ukimdai. Nina hakika karibu ya kuapa kwamba kati yao yupo anayelipa kidogo, anachelewa kulipa, na ndiye mwenye risiti zilizokunjwakunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Huyo muage. Kisha jaribu kumpandishia bei anayekulipa vizuri na kuridhika na kazi yako. Akikataa hujapoteza kitu. Akikubali umerudisha pengo la yule uliyemwacha, nawe unalala saa nne usiku.

Kuhusu kaka zako, najua utakachoniambia: "Shangazi, nimewaomba, hawasaidii." Nakuuliza, uliwaomba vipi? Wengi tunaomba msaada kwa vipande. Tunamwambia ndugu, "Kesho nipelekee Mama kliniki," kisha sisi ndio tunaokumbuka tarehe, tunatafuta kadi, tunampigia asubuhi kumkumbusha, tunampigia mchana kuuliza daktari kasemaje, na jioni tunapanga dawa. Yeye kaendesha gari tu. Kichwa ni chako bado. Na hicho kichwa ndicho kinachochoka, maana mikono hupumzika mtu akikaa, kichwa hakipumziki. 

Mpe mmoja wao kliniki yote. Kaa naye, mkabidhi kadi, orodha ya dawa na vipimo vyake, tarehe zinazofuata, namba ya simu ya kituo. Mwambie mbele ya Mama, ili na Mama ajue wa kumuuliza ni nani: "Kaka, kuanzia sasa kliniki ya Mama ni yako. Mimi nitashughulikia mengine." Yule wa pili apewe ununuzi wa dawa, nao mzima. Baada ya hapo usipige simu kukumbusha. Mara ya kwanza anaweza kuchelewa, akasahau kipimo cha sukari, akarudi na maelezo nusu. Mama atalalamika kwako. Mwambie Mama kwa upole ampigie mwanawe. Kama ni jambo la hatari utaingilia, hakuna anayekwambia ukae ukitazama. Lakini kusubiri foleni saa tatu badala ya saa moja si hatari. Ukimnyang'anya kazi mara ya kwanza anapoivuruga, umeichukua moja kwa moja.

Baba yao naye. Umeandika "si mtu mbaya" kwa haraka kidogo, kama mtu anayefunga mlango ili mgeni asione chumba. Sitaki ugombane naye. Lakini kulea watoto wake si msaada anaokupa wewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa malezi na makuzi ya mtoto. Hausemi wanaoishi pamoja tu. Mweleze kitu chenye saa na siku. Ukimwambia "uwe karibu na watoto" atakwambia yuko karibu. Mwambie: "Jumamosi njoo uwachukue saa tatu asubuhi, uwarudishe saa kumi na mbili jioni, wakiwa wameoga na kazi za shule zimekwisha." Na hela nazo, mkubaliane kiwango na tarehe, hata kama kiwango ni kidogo. Kidogo kinachojulikana kinapangika. Akikaidi kabisa, ustawi wa jamii na mahakama vipo kwa ajili hiyo, na kwenda huko si kumwaibisha mtu. Jumamosi ya kwanza watakapoondoka, lala. Usifue.

Sasa huyu binti. Nimemfikiria kuliko sehemu nyingine yote ya barua. 

Kughushi saini ni kosa na lazima aambiwe, lakini usianzie hapo. Mtoto wa miaka 10 amekaa jioni baada ya jioni akikutazama usoni, akapima kama unaweza kubeba jambo moja zaidi, akaona huwezi, akalibeba yeye. Amejipa kazi ya kukulinda. Ukimchapa atajifunza kuficha vizuri zaidi. Ukimkumbatia tu na kumwambia "wewe ndiye msaidizi wangu", atajua amepata kazi rasmi. Kaa naye pembeni, mdogo akiwa amelala, umwambie: "Uliona nimechoka, na uliona sawasawa. Lakini uchovu wangu ni wa kushughulikiwa na watu wazima, na nimeanza kuushughulikia. Wewe kazi yako ni kuniletea daftari, hata nikiwa nimelala. Niamshe. Na saini yangu usiiige tena." Kisha mweleze ulichoacha, kwa jina: nimeacha ukatibu. Watoto huamini vitu vinavyoonekana. Halafu kila jioni daftari lile lisainiwe mezani, wewe na yeye mkiwa mmekaa, hata kama ni dakika kumi na simu iko chumba kingine.

Kufagia, kukunja nguo, kumvalisha mdogo wake, hayo afanye, ni umri wake. Ila asiwe mtu wa kumsimulia baba yake katuma au hakutuma, wala nani kakuudhi kazini. Mambo hayo niletee mimi, au rafiki yako yule wa saa kumi.

Mdogo naye muombe msamaha kwa kile kiatu. Miaka 4 anaelewa. "Mama alifoka sana, haikuwa haki, pole." Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyegeukia uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1953 kuhusu mama anayetosha, yaani anayejitahidi kwa mtoto wake na kumkosea kidogokidogo kadiri anavyokua, na mtoto akajifunza kuishi na ukweli kwamba dunia haimtii kila wakati. Hakuandika kuhusu mama asiyekosea.

Jambo moja katika barua yako limenitia wasiwasi: kwamba ukiwa nao unatamani walale, na unawasukuma kama mashine. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, watafiti wa Ubelgiji waliochunguza kuishiwa nguvu kwa wazazi, wanaeleza dalili zinazofuatana: uchovu mzito unaotokana na malezi yenyewe, kujitenga kihisia na watoto, kukosa raha ya kuwa nao, na kuona kwamba wewe si mzazi uliyekuwa zamani. Uko njiani kuelekea huko, ndiyo maana nakuhimiza uondoe mizigo wala usiipange upya. Lakini ukiona huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huna hamu ya chochote, hata ukipata nafasi usingizi hauji, mweleze daktari na hilo, kwa maneno hayohayo. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, au kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, usisubiri miadi. Mwite mtu wa karibu aje akae nawe na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna usiku ambapo mambo yaliyobaki yatakuja yakukute kitandani. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika huendelea kumsumbua mtu akifanya mengine, na kwamba akiliwekea mpango mahususi usumbufu hupungua, hata kabla hajalifanya. Kwa hiyo usiandike "viatu". Andika "kesho saa saba, mapumziko ya mchana, nitapita kununua viatu". Funga daftari. Kumbe lina kazi yake.

Usianze yote kwa pamoja, utakuwa umejipa kamati nyingine. Wiki hii hospitali, ujumbe kwa mwenyekiti, na mazungumzo na binti. Kaka zako wiki ijayo. Baba yao ukiwa umelala vizuri walau siku chache, maana mazungumzo yale yanataka mtu asiyelia haraka. Hesabu za kikundi mwisho wa mwezi.

Na jiandae. Watu wakisikia umeacha ukatibu watadhani sasa una nafasi. Atakupigia mtu, kwa sauti nzuri kabisa, ana kitu kidogo tu. Mwambie, "Nitakujibu kesho jioni." Hata kama unajua jibu, hata kama ni ndiyo. Kesho jioni ukiona bado huwezi, mwandikie kwamba safari hii hutaweza, uendelee na daftari la mtoto.

Shangazi